Main gate ilipogeuka "men get": uchambuzi wa kisa kimoja cha diftongi za Kiingereza

Sentensi yenyewe ni fupi: *I'll wait by the main gate with the paper and my coat.* Anayeisema ni mtu mzima, lugha yake ya kwanza ni Kiswahili, amesoma Kiingereza miaka mingi na anakiandika bila kubabaika. Anaisema kwenye simu, kwa mtu asiyejua Kiswahili na asiyejua mazungumzo yanahusu nini, hivyo hana pa kubahatishia. Upande wa pili yanaandikwa maneno haya: *wet*, *men*, *get*, *pepper*, na mwishoni *caught*. Matano, yote yamepotoka, na yote yamepotokea kwenye irabu. Konsonanti zimefika zilivyotumwa.

Mwanafunzi huyu ni wa mfano. Makosa yake lakini si ya kubuni. Ndiyo yale yale ambayo kila anayefundisha matamshi ya Kiingereza kwa wasemaji wa Kiswahili huyakuta. Tumemchukua yeye kwa sababu makosa yake yana mpangilio, na kwa sababu sahihisho la kwanza alilopewa, ambalo ni la kawaida kabisa, lilimzidishia matatizo.

Kilichopotea na kilichopona

Tuanze na kilichopona, maana watu wengi hukiruka. *I'll*, *by* na *my* zina diftongi, yaani irabu inayoanza na sauti moja na kuishia na nyingine ndani ya silabi moja; hii ni ile inayoandikwa /aɪ/ kwenye kamusi, na zote tatu zilisikika vizuri. Kwa hiyo kumwambia "hujui diftongi" ni kumwonea. Zilizomshinda ni mbili: /eɪ/ iliyomo katika *wait, main, gate, paper*, na /əʊ/ iliyomo katika *coat*. Orodha ya jadi ya Kiingereza cha kusini mwa Uingereza ina diftongi nane, na hizi mbili ndizo ambazo sikio la Kiswahili huzimeza.

Ushahidi uko kwenye maneno ya mkopo. *Cake* ikawa keki, *brake* breki, *train* treni, *rail* reli. *Coat* ikawa koti, *boat* boti, *note* noti. Tazama sasa upande mwingine: *line* ni laini, *pound* ni pauni, *towel* ni taulo, *oil* ni oili. Katika kundi la pili Kiswahili kilisikia sauti mbili kikazitunza zote. Katika la kwanza kilisikia moja. Sababu ni umbali: kutoka a hadi i ulimi unapanda safari nzima na taya linafunga kwa kiasi unachoweza kukiona kwenye kioo, lakini kutoka e hadi i ni hatua fupi. Sikio lisilozoea kuitafuta hatua hiyo haliioni.

Hata hivyo, kutosogeza ulimi peke yake hakungeleta balaa. Wasemaji wengi wa Uskoti hutamka *gate* kwa irabu moja iliyotulia, na hata kaskazini mwa Uingereza utaisikia, nao wanaeleweka. Wanaeleweka kwa kuwa irabu yao ya *gate* iko juu, karibu na i, na ile ya *get* iko chini. Sauti zinabaki mbili. Mwanafunzi wetu anayo e moja tu, nayo inatumika kwa *gate* na kwa *get*. Msikilizaji hana namna ya kujua ni ipi aliyokusudia. Kwenye o hali ni mbaya zaidi, kwa sababu o moja ya Kiswahili inabeba *coat*, *caught* na *cot*, maneno matatu ambayo Mwingereza wa kusini huyatenga yote.

Hili linabadilisha lengo la kazi nzima. Hatumtafutii lafudhi ya London. Tunataka *gate* iachane na *get*, na *coat* iachane na *caught*. Kusogeza ulimi ndiyo njia rahisi ya kuzitenganisha, basi.

Sahihisho lililoharibu

Aliambiwa hivi: "Hapo kuna irabu mbili, e halafu i. Zitamke zote mbili." Akatii. *Gate* ikawa ge-i-ti. *Wait* ikawa we-i-ti, *coat* ikawa ko-u-ti. Kwa *main* alizitazama herufi, akaona a na i, akasema ma-i-ni, tukawa tumeingia buchani. Awali msikilizaji alikuwa akisikia neno jingine. Sasa hakusikia neno lolote.

Kilichotokea kinaeleweka ukikumbuka kanuni mbili za Kiswahili ambazo mzawa hafikirii kuwa ni kanuni. Ya kwanza: kila irabu ni silabi yake. Faida ni fa-i-da, silabi tatu, na hakuna anayesema vinginevyo akiwa makini. Ya pili: mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo katika fa-I-da mkazo uko kwenye i, na katika la-I-ni vilevile.

Diftongi ya Kiingereza inafuata njia iliyo kinyume. Ni silabi moja tu. Sehemu ya kwanza ndiyo ndefu na yenye nguvu. Ya pili ni dhaifu, inafifia, na mara nyingi ulimi hata haufiki mahali pa i kamili ya Kiswahili, unaishia njiani. Ukisema la-I-ni umeipa nguvu sehemu iliyotakiwa kufifia, na ile iliyotakiwa kutawala umeinyima. Anayesikiliza anategemea uwiano huo kutambua sauti. Ukigeuzwa juu chini, haitambui.

Hapa ndipo kuna jambo ambalo tunaona halisemwi vya kutosha. Mkosaji mkubwa katika ge-I-ti ni ile i ya mwisho, iliyoongezwa baada ya t ili neno lisiishie kwenye konsonanti. Iondoe, na hesabu inabadilika. Ge-i, yenye silabi mbili, ina mkazo kwenye ge, kama inavyotakiwa. Ni ile ti inayousukuma mkazo hadi kwenye i. *Paper* ina mtego huo huo bila hata kuongezwa kitu: pe-i-pa kwa Kiswahili ni pe-I-pa, wakati Kiingereza kinataka pei yote iwe silabi moja yenye mkazo. Kwa maneno yanayoishia na konsonanti, basi, huwezi kutibu diftongi ukaacha mwisho wa neno. Mwalimu anayezifundisha kama mada mbili za wiki tofauti atashangaa kwa nini hakuna inayokaa.

Kupima

Usimpime kwa sentensi. Sentensi huficha, kwa sababu msikilizaji anayejua kinachozungumzwa atasahihisha kichwani mwake bila kujijua. Tumia imla ya neno moja moja. Andika kwenye vipande vya karatasi jozi kumi za e: *wait/wet, main/men, gate/get, paper/pepper, late/let, sale/sell, pain/pen, age/edge, date/debt, taste/test*. Kisha jozi kumi za o: *coat/caught, low/law, boat/bought, so/saw, bowl/ball, hole/hall, woke/walk, cold/called, row/raw, choke/chalk*. Changanya vipande vyote arobaini. Mwanafunzi anasoma, mwingine anaandika alichosikia, asione karatasi wala midomo.

Tahadhari moja kuhusu orodha ya pili: katika lafudhi nyingi za Marekani *caught* na *cot* hutamkwa sawa. Hilo halidhuru. *Coat* bado inasimama peke yake katika lafudhi hizo pia.

Kabla ya imla hiyo kuna kipimo cha sikio, nacho kitangulie siku zote. Mtu mwingine au sauti iliyorekodiwa inasema neno moja la jozi, mwanafunzi ananyoosha kidole kwenye neno alilosikia. Akipata chini ya 18 kati ya 20, asianze mazoezi ya mdomo. Akae na sikio kwanza, dakika kumi kila siku. Kinywa kisichosikia tofauti hurudi kilikotoka mara tu mtu anapoacha kujikagua.

Anayependa kuona kwa macho atumie Praat, programu ya bure iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Amsterdam. Rekodi *gate*, fungua picha ya sauti, washa mistari ya formanti, yaani ile inayoonyesha jinsi sauti inavyobadilika ulimi na midomo vinaposogea. Katika diftongi nzuri mstari wa pili kutoka chini unapanda na wa kwanza unashuka kadiri irabu inavyoendelea. Katika e ya mwanafunzi wetu yote miwili imelala kama kamba ya kuanikia nguo. Kwa *coat* yote miwili inatakiwa ishuke. Picha hii haisemi kama umeeleweka, lakini inamaliza ubishi wa "mbona nimesogeza?"

Mazoezi

Daraja la kuvukia liko ndani ya Kiswahili chenyewe. Yapo maneno mafupi yanayoishia na irabu mbili ambapo mkazo, kwa bahati, unaangukia pale Kiingereza kinapoutaka: BE-i, ME-i, TA-i, DA-i, DA-u, HO-i. Chukua bei. Iseme kawaida huku ukipiga meza mara mbili, be, i. Sasa iseme ukipiga meza mara moja tu, sauti ianze na pigo na kufifia baada yake, i ikianguka bila kupewa pigo lake. Umesema *bay*, au angalau umekaribia mno. Mei kwa pigo moja ni *May*, tai ni *tie*, dai ni *die*. Dau kwa pigo moja inakupa mwanzo wa *doubt*. Hoi inakuonjesha sauti ya *boy*.

Weka kidole gumba chini ya kidevu. Katika *bay* taya linapanda kidogo sana, katika *tie* linapanda waziwazi. Lisiposogea kabisa katika *bay*, umerudi kwenye be.

Sasa funga neno. Kutoka *bay* nenda *bait*: ulimi uende kwenye ufizi nyuma ya meno ya juu, ubane hewa, ukae hapo. Usiuachie. Hesabu hadi mbili ndipo ufungue mdomo kimya. T isiyoachiwa inakubalika kabisa katika Kiingereza, na kwa mwanafunzi wetu ni kinga, kwa sababu i ya ziada huzaliwa pale ulimi unapoachia. Fanya hivyo kwa *bake*, *main*, *doubt*, *tight*. Kwa n ni rahisi zaidi, ibane na uvume puani hadi pumzi iishe.

Kuna hila nyingine ambayo tunaipenda: weka baada yake neno linaloanza na irabu. *Wait at*, *gate is*, *coat and*. Konsonanti ya mwisho inahamia kwenye neno linalofuata, wei-tat, gei-tiz, na kinywa cha Kiswahili kinapata silabi wazi ambayo kimeizoea bila kubuni irabu. Baada ya siku chache ondoa neno la pili na uone kama mwisho unabaki mkavu.

Kwa sauti ya *coat* mwanafunzi anapaswa kuchagua mahali pa kuanzia. Kamusi za Uingereza zinaandika /əʊ/, yaani mwanzo ni shwa, ile irabu hafifu ya mwanzo wa *about*, midomo ikiwa haijaviringwa. Za Marekani zinaandika /oʊ/, mwanzo ni o. Ushauri wetu ni aanze na o, kwa sababu anayo tayari, na akishindana na shwa atakuwa anajifunza sauti mbili mpya mahali pa moja. Kazi yote ihamie kwenye midomo: ianze na duara la o, imalizie na duara dogo la u, kama anayetaka kupuliza mshumaa. Kwa *law* na *caught* midomo isisogee kabisa, na sauti ivutwe. Akitazama kioo atazitofautisha *low* na *law* bila hata kutoa sauti. Hapa Kiswahili hakina daraja, kwani maneno yake ya kawaida hayaishii na ou kama yanavyoishia na ei au au, ndiyo maana sauti hii huchelewa kuliko ile ya *gate*.

Jambo dogo lakini la kuchekesha: ile w ambayo baadhi huiingiza kimakosa katika *coat*, wakisema "ko-wuti", inageuka kuwa sahihi kati ya maneno. *Go on* hutamkwa na w nyepesi katikati, na *say it* ina y nyepesi. Mwanafunzi aliyekemewa sana kuhusu w anaweza kuiogopa hata pale inapotakiwa, akakata sauti ghafla kati ya *go* na *on*. Mwambie mapema.

Suala la urefu linahitaji subira. Diftongi hufupishwa mbele ya konsonanti sighuna (zisizotetemesha koo), p, t, k, f, s, ch, na hubaki ndefu mbele ya ghuna (zinazolitetemesha, kama z, v, d) au neno linapoishia hapo. Linganisha *face* na *phase*, *ice* na *eyes*, *safe* na *save*, *wrote* na *rode*. Wasemaji wa Kiingereza mara nyingi hawavumishi z ya mwisho kikamilifu, kwa hiyo msikilizaji anaitambua kwa urefu wa irabu iliyotangulia zaidi kuliko kwa z yenyewe. Mwanafunzi msemaji wa Kiswahili anavumisha z vizuri, lakini anaifanya irabu ya *eyes* iwe fupi kama ya *ice*, kisha anashangaa kuulizwa "ice?" Aivute a ya *eyes* karibu mara mbili. I ibaki fupi ile ile.

Herufi zinavyopotosha

Maini yalitoka kwenye herufi, si kwenye sauti. Katika Kiswahili ukiona ai unasoma a-i, ndiyo raha ya tahajia yetu. Katika Kiingereza *ai* karibu kila mara ni /eɪ/: *main, wait, pain, train*. Sababu ni ya kihistoria. Tahajia ilianza kuganda wakati irabu ndefu zikiendelea kuhama, mabadiliko yaliyochukua takriban 1400 hadi 1700. *Name* iliwahi kuwa na a ndefu iliyotamkwa kama inavyoandikwa. Sauti ikaondoka, herufi ikabaki.

Kwa kazi ya kila siku: *a* ikifuatwa na konsonanti na *e* bubu ni /eɪ/, kama *gate, late, name*, ila *have* inakataa. *Ay* ni /eɪ/, lakini *says* ni "sez" na *said* ni "sed", na hizi mbili hukosewa na hata wanaojua sana. *Oa* ni ya *coat*, isipokuwa *broad* na zile zenye r kama *board*. *Oi* na *oy* ndizo waaminifu kuliko zote. *Igh* ni ya *night*, lakini *eigh* ni ya *weight*, na *height* imeamua kufuata *night*. *Ow* haina msimamo: *now* na *know*, *town* na *grow*, na *row* ina matamshi mawili yenye maana mbili. *Ou* usiiamini hata kidogo. *House, soul, country* na *through* zina irabu nne tofauti. *Ea* kwa kawaida si diftongi, ila kuna *great, break, steak*.

Tulivyoviacha makusudi

Diftongi tatu za orodha ya nane huishia kwenye shwa: ya *near*, ya *square* na ya *cure*. Vitabu vingi huzipa kurasa sawa na nyingine. Kwa mwanafunzi huyu tusingezigusa. Kiswahili kilikwisha kuzipokea, gia na bia kutoka *gear* na *beer*, spea kutoka *spare*, na mkazo uko upande wa kwanza inavyotakiwa. Isitoshe, kusini mwa Uingereza *square* sasa mara nyingi ni irabu moja ndefu, *sure* na *poor* kwa wengi zimehamia kwenye irabu ya *law*, na Marekani sauti hizo huishia na r. Hakuna anayeshindwa kuelewana kwa sababu yake. Sauti tatu za pamoja, kama *fire* na *hour*, nazo ziachwe. Aliyezoea kusema waya hana shida na *wire*.

Kurudi kwenye sentensi

Kipimo cha mwisho kifanyike kwa simu, kwa msikilizaji mpya, na kwa sentensi ambayo mwanafunzi hajaifanyia mazoezi lakini ina sauti zile zile, mfano *They waited a day for the boat and the mail came late.* Tarajia *waited* isumbue kuliko *wait*, kwa kuwa silabi iliyoongezeka inarudisha hesabu ya Kiswahili, we-i-TE-di, na mkazo unakimbilia mbele. Dawa ni kupiga meza mara moja kwenye *wai-* na kuiacha *-ted* ipite chini chini. *Mail* itasumbua kwa njia nyingine: mbele ya l hiyo nzito ya mwisho wa neno shwa hujipenyeza yenyewe, ikasikika kama mei-el. Hiyo iache. Wazawa wengi wanasema hivyo.